Lava iliyosimama mlangoni

Wana Goma wenzangu, nimerudi kutoka kisiwa cha Réunion. Siku 12, begi mgongoni. Cilaos unafika kwa barabara ya kona 400, na Mafate haina barabara kabisa, unaingia kwa miguu ama helikopta. Ila moyo wangu umebaki kijiji cha Piton Sainte-Rose. Mwaka 1977 lava ya volkano ya Piton de la Fournaise ilizingira kanisa la pale, ikafika mlangoni, ikasimama. Niliweka kiganja juu ya jiwe lile: jeusi, lenye matundu, linakwaruza, sawasawa na ukuta wa uani kwetu Birere. Nikakumbuka katedrali yetu ya Saint-Joseph, iliyoungua volkano yetu Nyiragongo ilipolipuka 2002. Machozi yakanitoka pale pale kwenye ngazi. Mama mmoja muuza mananasi akanikatia kipande, wala hakuniuliza kitu.