Mnada wa samaki darasa la tatu

Mwaka 2014 nilikuwa nasomesha Kiingereza darasa la tatu kwenye skuli moja ya pwani, kaskazini ya Pemba, kijiji sikitaji, wenyewe wakisoma hapa watajijua. Watoto 80 na kitu, nusu kwenye madawati nusu chini, na sie tulikuwa mkondo wa mchana, ile saa saba jua liko juu ya bati na wengine wametoka nyumbani hata hawajala.

Namba niliambiwa wanazijua. Na kweli ukisema tu "one" wanaondoka nazo mpaka hundred kwa sauti moja, kama wanasoma kasida, vichwa vinakwenda huku na huku. Sasa mwite mmoja mbele, muandikie 47 ubaoni umuulize hii nini. Atasimama pale midomo inacheza kimya kimya, one, two, three, mpaka aifikie, na ukimkatiza njiani anarudi mwanzo.

Chuo tulisomeshwa habari za James Asher, yule Mmarekani wa miaka ya 1960 alosema mtoto aanze lugha kwa kusikia amri na kuitenda, simama, kaa, ruka, gusa mlango, kusema kutakuja kwenyewe baadae. Darasa langu lilikuwa likiupenda mchezo huo mno, ukisema "touch your nose" vidole vyote puani, na vyengine vinaingia ndani kabisa. Lakini kwenye namba mie nilitaka wafungue midomo, kwa sababu darasa la tano lilikuwa linawasubiri na sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 ilishasema huko hisabati na sayansi ni kwa Kiingereza, sasa mtoto anaeanza kuhesabu toka moja kila akitaka 47 huko atafanya nini?

Kitabu kilikuwa na mchezo wa duka. How much is this, muuzaji anataja bei, mnunuzi anatoa pesa, thank you, khalas. Niliujaribu ukafa hapo hapo. Nani Pemba ananunua kitu kwa bei ya kwanza?

Nilikuwa napanga jirani na diko, pale pwani vyombo vinapoteremsha samaki, asubuhi nikishuka kutafuta kitoweo nawakuta wanafunzi wangu wamejipanga kwenye mnada wanaangalia, mnadi kashika mtungo wa changu anapandisha, wachuuzi wanajibizana, na vile vitoto vinajua nani atashinda kabla mnadi hajamaliza. Wazo likaja pale pale nikiwa na kapu mkononi.

Usiku nikakata samaki kwa maboksi ya tambi, nikawachora kwa mkaa, changu, pono, tasi, pweza mmoja wa mikono sita kwa sababu boksi liliisha, na nguru mkubwa karibu urefu wa dawati. Pesa ikawa makonyo ya karafuu, vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, msimu ulikuwa umechanganya na kila nyumba yamejaa yanasubiri kupelekwa kiwandani Wawi kukamuliwa mafuta. Kila safu nikaipa kikombe chenye makonyo 60. Masharti mawili tu: bei ipande, na kila bei itajwe na mtoto mwengine, maana bila hivyo wale watatu wanaojua wangesema wao tu mpaka kengele.

Mnadi nani? Darasa zima likanyoosha kidole kwa kijana mmoja wa nyuma ambae mie sauti yake nilikuwa sijaisikia tangu nikabidhiwe darasa. Kumbe ami yake ndie mnadi wa pale diko. Akaja mbele, akamshika changu wa boksi mkiani, akampiga kwenye kiganja, paa! "Ten! Ten hapa, changu wa leo huyu, ten, who? Eleven! Eleven kule dirishani, nani twelve?" Kiswahili na Kiingereza vimechanganyika chakari, sikumgusa.

Ilipofika twelve msichana mmoja wa safu ya dirishani akasimama kwa mbwembwe akasema, "Thirty!"

Alitaka thirteen maskini. Mnadi hakumpa nafasi, "Thirty! Thirty! Thirty!" na safu nzima ikaruka juu, sio, sio, thirTEEEN, mmoja anavuta midomo kwa vidole ili tiini itoke vizuri. Mnadi akawajibu kwa utulivu wa mtu mzima, "Mshasema." Wakalipa makonyo 30 kwa changu mmoja na wakanuna kweli kweli. Kosa hilo nilikuwa nalipigia kelele kila siku na haliingii, siku ile liliingia kwa hasara.

Kelele zikamleta mwalim mkuu. Kasimama mlangoni, "Mwalim, kuna nini humu?" Kabla sijajibu mnadi kashamnyanyua nguru, "Sir! Nguru, sir! Forty!"

Mkuu akamtazama nguru, akanitazama mie. "Forty-one," akasema.

Basi ikawa vita. Forty-five, fifty, fifty-two, mkuu nae hakubali, anafika sixty-one na hakuna safu yenye pesa hizo. Mara nawaona safu ya dirishani, wale wa changu, wanahama na kikombe chao kwenda safu ya mlangoni ambayo ilikuwa haijanunua kitu. Minong'ono, vidole vinahesabiwa, kisha wakamsukuma mdogo wao mmoja na yule wa thirty akimkazia macho, "usivute!" Kitoto kikasema kwa ukali, "Ninety!" Fupi, imekatwa safi.

"Haya mchukueni," mkuu akasema, "mie mke wangu atanifukuza." Akaondoka anacheka, ila mlangoni akageuka, "Mwalim, mara nyengine nendeni chini ya mwembe, jirani yako anasomesha."

Mara nyengine ilikuwa wiki ile ile, hawakunipa pumzi. Na samaki hawakumtaka tena, walitaka ng'ombe. Nikawaambia sawa, tuanzie fifty, mnadi akanitazama kwa huruma, "Ng'ombe wa fifty, mwalim? Mgonjwa huyo." Ikabidi tuingie mamia na maelfu kabla ya wakati wake, na makonyo hayakutosha, tukahamia kokoto.