Ubao Uliolazwa Juu ya Tundu

Katika maghorofa yanayojengwa Kariakoo na Upanga, jijini Dar es Salaam, macho ya mgeni hukimbilia ukingo wa nje, ambako akichungulia huona barabara iko mbali chini. Mimi ninayefanya kazi ya usalama hutafuta kwanza matundu yaliyoachwa katikati ya zege: ya mabomba ya majitaka, ya nyaya za umeme, ya ngazi ambayo bado haijamwagwa, na shimo la lifti. Ukingo humtisha kila mtu, lakini tundu la ndani huzoeleka haraka, kwa kuwa watu hulipita na karai kichwani kutwa nzima.

Kwa maoni yangu, tundu lililofunikwa ovyo ni la hatari kuliko lililo wazi. Fundi hulaza kipande cha plaiwudi juu yake, bila msumari wala alama, akaondoka akiamini kuwa amemaliza. Kesho yake saidia fundi aliyetumwa kusafisha sakafu huona ubao mzima umelala bure. Huinama, huushika kwa mikono miwili, huunyanyua mbele ya kifua na kupiga hatua. Ubao wenyewe umemziba macho, na hatua hiyo moja ndiyo inayomwingiza shimoni. Akianguka mita 3, yaani ghorofa moja tu, hufika chini kabla sekunde moja haijatimia, kwa mwendo wa karibu kilomita 28 kwa saa, na huko mara nyingi kuna nondo zilizosimama.

Kanuni za ujenzi za Marekani zinataka mfuniko ubebe angalau mara 2 ya uzito wa watu, vifaa na mizigo inayoweza kuwa juu yake kwa wakati mmoja, ufungwe usisogee, na uwe na alama. Ninakubaliana nazo kabisa, ila alama hiyo kwetu iandikwe kwa Kiswahili na kwa rangi nyekundu: TUNDU, USIONDOE.

Kwenye kuta, hatari iko katika mlango wa lifti ambayo bado haijawekwa, mlango wa roshani isiyo na kizuizi, na dirisha ambalo ukingo wake wa chini hauzidi magoti. Utepe wa manjano hauzuii mwili unaoanguka. Panahitajika reli imara yenye kimo cha mita 1.1 hivi, nyingine katikati, na ubao wa chini unaozuia nyundo isiteleze na kumwangukia aliye chini. Reli hizo huondolewa pale winchi inapopandisha tofali, kisha hakuna anayezirudisha. Anayepokea mzigo afunge mkanda wa usalama kwenye sehemu imara ya jengo kabla reli haijaguswa, na yeye mwenyewe airudishe.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemtwika mwajiri wajibu huu, na vifaa vingi vinavyohitajika, yaani mbao na misumari, tayari viko kwenye eneo la ujenzi. Kwa matundu madogo ya mabomba ipo njia bora zaidi, ambayo msimamizi huipanga na mhandisi kabla ya kumwaga zege: wavu wa nondo huachwa upite katikati ya tundu, na haukatwi mpaka siku fundi bomba anapofika na mabomba yake.