Siku moja maishani mwangu: muuguzi wa vidonda vya miguu, Malindi

Saa 11:30 alfajiri. Kijana wa bodaboda akija kunichukua Maweni, natazama miguu yake kabla hata ya kuitikia shikamoo. Leo alikuwa kavaa ndara. Nikamuuliza, "Mwanangu, viatu vya kufunga viko wapi?" Akasema joto. Nikamwambia kesho asipovaa viatu nitapanda na mwingine, na sikuwa natania. Miguu mingi ninayoifunga huletwa kutoka barabara ya Mombasa au ile ya kwenda Gongoni, kisigino kimeingia kwenye spoki au kifundo kimesagika kati ya pikipiki na lami. Na mguu hauna nyama ya akiba. Paja likichubuka, chini kuna mafuta na misuli. Kifundo kikichubuka, unakutana na mfupa papo hapo.

Saa 1:00 asubuhi. Kupokezana zamu. Wenzetu wa usiku wanasema wodi ililala salama. Nimefungua kidonda cha mtoto wa miaka sita aliyepakatwa nyuma ya pikipiki mguu ukavutwa na gurudumu. Kisigino kimevuliwa ngozi, lakini mafuta yapo, na sasa kidonda kimekuwa chekundu, chenye chembechembe kama komamanga. Huyu atapandikizwa ngozi nyembamba ya paja, basi. Ngozi ya kupandikiza huja bila mshipa wake. Siku za mwanzo hunyonya kutoka pale ilipolazwa. Ukiilaza juu ya nyama nyekundu itashika. Ukiilaza juu ya mfupa uliovuliwa utando, au kano iliyo tupu, haina cha kunyonya. Itakauka kama ngozi ya papa iliyoanikwa.

Hapo ndipo tunapohitaji flapu. Flapu ni kipande cha ngozi, na wakati mwingine msuli, kinachohama pamoja na mishipa yake ya damu. Wagonjwa huwa nawaeleza kwa mpira wa kumwagilia bustani: unaweza kuuzungusha hadi kona nyingine ya kiwanja maji yakiendelea kutoka, mradi usiukunje. Ule mpira sisi tunauita shina. Kazi yangu yote ya leo ilikuwa ni kulilinda shina moja.

Saa 2:00. Mzunguko na daktari. Kitanda cha kwanza ni mzee mvuvi, siku ya 12 tangu apasuliwe. Alikuwa na tundu katikati ya kisigino, mahali anapokanyagia, na daktari akalijaza kwa ngozi ya unyayo wake mwenyewe, ile sehemu iliyobonyea isiyogusa chini mtu akisimama. Flapu hii ndiyo niipendayo kuliko zote. Ngozi ya unyayo haina mfano mwilini: ni nene, haina malaika, imeshikamana na nyama ya chini hata haitelezi mtu anapotembea. Tena inahamishwa na tawi la neva yake, kwa hiyo mzee akikanyaga msumari atajua. Ukimwekea ngozi ya paja pale, atatembea juu yake kama aliyevaa soksi iliyolegea, na baada ya miezi itapasuka. Nikamgusa kisigino kwa ncha ya pamba huku kafumba macho. "Hapo," akasema. Nikagusa pengine. "Na hapo." Lile pengo la katikati ya unyayo tulilifunika kwa ngozi ya kupandikiza, nalo linashika vizuri kwa kuwa halibebi uzito.

Kitanda cha nne, bibi kutoka Mambrui mwenye sukari. Wanawe wanataka apasuliwe leo leo. Daktari aliweka vidole juu ya mgongo wa mguu, halafu nyuma ya kifundo upande wa ndani, akakaa kimya kwa muda mrefu, kisha akaniomba kimashine cha dopla, kile kinachotusikilizisha damu ikipita mshipani. Sauti ilikuwa hafifu mno. Damu isiyofika kidoleni haitailisha flapu, na ukimkata pale unamwongezea kidonda cha pili. Aende kwanza akapimwe mishipa, sukari ishuke, uchafu uondolewe. Binti yake alikasirika. Nilikaa naye kwenye benchi dakika kumi ambazo sikuwa nazo.

Saa 3:30. Thieta. Kijana wa miaka 23, wiki mbili tangu ajali, nyuma ya kifundo kano ya kisigino imebaki wazi, imeanza kuwa ya njano. Amechomwa sindano ya ganzi ya mgongo, tukamlaza kifudifudi.

Daktari aliyachora yote kwa kalamu kabla ya kushika kisu, na nawaomba wauguzi wenzangu muwe mnaitazama hatua hii, msikimbilie kupanga vyombo tu. Kwanza alisikiliza kwa dopla upande wa nje wa mguu, akatia nukta kila palipovuma. Matawi hayo hutoka kwenye ateri ya peronea, mshipa unaoteremsha damu upande wa nje wa mguu, na lile la kutegemewa liko kiasi cha sentimita 5 juu ya kifundo cha nje. Hiyo nukta ndiyo egemeo. Kisu hakiruhusiwi kushuka chini yake. Kutoka hapo akavuta mstari hadi katikati ya shavu la mguu, akifuata vena ndogo, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, na neva inayoandamana nayo, na huko juu akachora umbo la kidonda, kubwa kidogo kuliko kidonda chenyewe. Kisha akachukua kipande cha shashi, akakishikilia pale penye egemeo, akakizungusha kuona kama kitafika bila kuvutwa. Kikafika.

Njia hii ilielezwa na Mfaransa Masquelet na wenzake mwaka 1992, na kwa hospitali kama zetu ni neema. Haihitaji darubini wala timu mbili, na haigusi ateri yoyote kubwa ya mguu. Kipande kinainuliwa kutoka juu pamoja na utando unaofunika misuli, neva na vena zinakatwa huko juu na kufungwa, halafu chote kinapinduliwa kuelekea chini. Daktari aliacha shina la upana wa sentimita 4, na hakulipitisha chini ya ngozi kama kwenye handaki. Aliipasua ngozi ya njiani akaliweka wazi, kwa sababu mguu utavimba usiku, na handaki haliongezeki. Alipolegeza mpira wa kubana damu sote tulinyamaza. Ukingo ukaanza kuwa waridi, kisha tone la damu nyekundu. Alhamdulillahi.

Bei yake ipo. Upande wa nje wa mguu utabaki na ganzi, na shavu la mguu lina alama ya ngozi iliyopandikizwa. Aliambiwa kabla, akakubali.

Saa 7:00 mchana. Viazi karai viwili na chai, wima.

Saa 8:00. Mamake kijana ananisubiri mlangoni, leso kaishika kwa meno. Swali lake silo nililolitarajia. "Mwanangu, hiyo nyama mliyomtia ni ya nani?" Kumbe usiku kucha alikuwa akifikiri tunatumia nyama ya maiti. Nikamchorea kwenye karatasi: imetoka hapa juu kwake mwenyewe, imeteremshwa, na haijawahi kuachana na mguu wake. Akaishika ile karatasi, akaikunja ndani ya leso. Nikamwomba jambo moja: asije mtu na sigara wala muguka kitandani, hata rafiki wa namna gani, maana vyote viwili huibana mishipa.

Mchana huohuo tumemwandikia rufaa mwingine ambaye mgongo wa mguu wote umekwenda na mifupa iko nje. Hakuna kipande cha jirani kinachotosha. Yeye anahitaji nyama ya paja ikatwe kabisa na mishipa yake iunganishwe upya chini ya darubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Mombasa ni kilomita kama 120, na nimehakikisha anaondoka kidonda kikiwa kimefunikwa na shashi yenye unyevu.

Saa 11:10 jioni. Namwangalia kijana kila saa: rangi, joto, uvimbe, na kubonyeza kwa kidole nione rangi inarudi baada ya muda gani. Sekunde mbili ni nzuri. Flapu ikiwa nyeupe na baridi, damu haiingii. Ikiwa ya zambarau, imevimba, na rangi inarudi upesi mno, damu inaingia lakini haitoki, na katika flapu hii ndilo balaa la mara nyingi. Saa 10 ilikuwa waridi. Sasa ukingo ulikuwa rangi ya zambarau kama biringani.

Alikuwa kageuka akalala chali, na bandeji imebana kwa uvimbe.

Miaka mingi nyuma, katika hospitali nyingine, nilikuwa zamu ya usiku nikaona mgonjwa kalala fofofo, nikaona nisimsumbue. Mto ulikuwa umekandamiza shina. Asubuhi kipande kilikuwa cheusi. Bado naikumbuka harufu yake.

Kwa hiyo leo sikungoja mtu. Nikaipasua bandeji kwa urefu hadi chini, nikamgeuza alalie ubavu wa ule mguu usioumia, nikauinua mguu juu ya mito bila mto wowote kugusa nyuma, kisha nikampigia daktari. Alifika, akaondoa nyuzi mbili juu ya shina. Damu nyeusi ikatoka, halafu nyekundu zaidi. Tulisimama pale nusu saa tukibonyeza na kuhesabu.

Saa 2:20 usiku. Nimechelewa kuondoka. Kwa kalamu nimezungushia ukingo uliobaki na rangi, nikaandika saa kando yake, ili wa usiku wajue kama zambarau inapanda au inarudi nyuma. Nimebandika karatasi juu ya kitanda: ASILALE CHALI. Muuguzi wa usiku, binti mdogo wa mwaka wa kwanza kazini, aliniuliza amwamshe hata akiwa amelala? Nikamwambia amwamshe kila saa, na akiona rangi asiyoielewa asinionee haya, anipigie.

Saa 5:05 kanipigia. "Shangazi, zambarau imerudi nyuma ya mstari wako."