Nilimpikia mtoto wa watu wali wa kisasi

Mwanangu wa mwisho ana miaka minane. Jumanne ya wiki juzi alikwenda kucheza kwa rafiki yake, mtaa wa pili tu kutoka kwetu hapa Göteborg, Sweden. Nikamfuata saa kumi na mbili jioni, giza limeshatanda tangu saa tisa na nusu, si mnajua Desemba ya huku. Akavaa viatu kimya kimya, tukaaga, tukatoka. Ndani ya lifti ananiambia, "Mama, nina njaa."

Nikamuuliza, kwani wenzako hawajala?

"Wamekula. Mimi nilibaki chumbani nacheza Lego mpaka wamalize."

Someni tena hapo. Mpaka wamalize. Mtoto wangu kakaa chumba cha pili ananusa nyama, watu wanagonganisha vijiko, wakishiba wanarudi kumalizia mchezo. Na yeye anasimulia kama jambo la kawaida! Hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga. Kwetu ukimpitia mtu anakula kibarazani asikwambie "karibu", ujue mna ugomvi. Fundi baiskeli ana kipande kimoja cha muhogo, na pilipili yake, naye atakukaribisha. Unamjibu "starehe", unaendelea na safari yako, yeye kabaki na muhogo wake na wewe umebaki na heshima yako. Ikiwa ni mtoto ndiyo kabisa, hata kukaribishwa hakaribishwi. Akikutwa wakati wa kupakua anaambiwa kanawe. Mama yangu hakuwahi kujua idadi ya watoto waliokula kwake, alikuwa anaongeza maji kwenye mchuzi tu.

Basi nikakaa na hasira wiki nzima. Nikawasimulia wenzangu kazini (nafanya kazi nyumba ya kulelea wazee), nikawasimulia kina mama wenzangu wa Kiswahili. Mmoja ambaye ana miaka zaidi ya ishirini huku akacheka mpaka akakohoa. Akanikumbusha kwamba Mei 2022 jambo hilihili lilizagaa mtandaoni dunia nzima, Waswidi wakachekwa na kila taifa, na wengi wao wenyewe wakakiri: ndiyo, nasi tulisubirishwa vyumbani. Si wote wanafanya hivyo, na wanaolisha wageni wadogo wapo wengi tu. Lakini sababu yao wanayo. Wanasema mtoto ana kwao, na kwao kuna chakula kinapikwa saa hii. Ukimlisha umemharibia mama yake mpango, halafu umemfanya ajione anadaiwa.

Anadaiwa sahani ya makaroni!

Ila nikasema nisiwe mwongo. Hawa si wachoyo. Mwanangu anakula chakula cha moto shuleni kila siku ya masomo, bure, kwa mujibu wa sheria, na sijawahi kuulizwa debe la mahindi wala mchango wa maharage. Nyie mlio nyumbani mnajua ninachosema. Na suala la kudaiwa, hebu tuulizane: Ramadhani jirani akikuletea sahani ya futari, ulishawahi kuirudisha tupu? Kadi ya harusi ikikufikia imeandikwa kabisa kiwango, ukitoa pungufu unapewa kadi ya mtu mmoja, mumeo abaki nyumbani. Mimi mwenyewe nina daftari. Naandika kila ninachotuma Tanga: ada, dawa za presha za mama, mtungi wa gesi. Sijui namwandikia nani, maana hakuna atakayenilipa. Lakini naandika.

Kwa mnaopanga kuja, hapa nisikilizeni kidogo kabla sijasahau. Ukialikwa mgahawani, hata kama ni birthday ya mtu, beba hela yako. Ukialikwa nyumbani saa kumi na mbili, ni saa kumi na mbili. Ukiwahi, zunguka nje na baridi yako kuliko kubisha hodi dakika kumi kabla. Viatu unavua mlangoni. Uliza unakuja na nini, wala usione aibu, maana kuna sherehe ambazo kila mtu anakuja na sufuria lake. Na msidhani kula pamoja kutakuja kwenyewe. Baba watoto anaendesha basi, mimi nina zamu za asubuhi na za jioni. Tulipofika huku tulikaa karibu mwaka mzima kila mtu anapasha chakula chake kwa wakati wake, kama wapangaji. Binti yangu mkubwa alikuwa anakula amesimama mbele ya friji. Siku moja nikamwona, nikaenda kununua sinia kwenye maduka ya Wasomali kule Angered. Tangu hapo Jumamosi tunakula chini, sinia moja, simu zinalala kwenye kapu la vitunguu. Anayepangiwa kazi Jumamosi tunamsubiri hata saa nne usiku.

Sasa Jumamosi iliyofuata nikamwambia mwanangu, mwite yule rafiki yako aje. Nilikuwa na nia, sifichi. Nikapika wali wa nazi, nazi ya kopo lakini nikaipa muda wake. Kuku wa kupaka. Mchicha. Kachumbari. Nilitaka yule mtoto akarudi kwao atembee upande upande, mama yake amuulize umekula nini, naye aeleze mpaka ashindwe. Kisasi cha wali, basi.

Akaja. Akavua viatu, akaangalia jamvi, akaangalia sinia, akakaa chini, miguu kaikunja, bila kuambiwa. Mwanangu akawa mwalimu: mkono wa kulia, kula mbele yako, usivuke kwa mwenzio. Tonge la kwanza likamwagika lote magotini. La pili nusu. Mume wangu alikuwa anachambua kuku na kusukuma vinofu upande wa watoto, kama baba yake alivyofanya, na yule mtoto akawa anainua macho kila kinofu kinapotua mbele yake, anasubiri labda kuna mtu atakidai. Alipoelewa kwamba ni chake, akala. Akala ukoko pia, tena akauliza kama upo mwingine.

Tukamaliza. Wanangu wakasema alhamdulillah zao za haraka, wakainuka na mikono inachuruzika mafuta, wakakimbilia chumbani. Yule mtoto akabaki. Akasimama, akanisogelea, akaniangalia usoni, akasema, "Tack för maten." Ahsante kwa chakula.

Ni kauli ya kawaida huku, wanafundishwa tangu wadogo: mtoto hatoki mezani bila kumshukuru aliyepika. Kazini naisikia kila siku. Kuna mzee ninayemlisha ambaye hakumbuki tena majina ya watoto wake, lakini kijiko cha mwisho kikiisha lazima aseme. Binti yangu aliwahi kuniambia pia, mwaka wa kwanza, nikamfokea: mimi ni mamantilie hapa? Unanishukuru kama uliyenilipa? Hakurudia.

Sasa huyu mtoto kanisimamia na mashavu ya manjano, wali wangu wote wa kisasi umo tumboni mwake, nikakosa la kumjibu. Nikamwambia starehe. Kwa Kiswahili.

Usiku nikiwa naosha sinia nikamkumbuka mama. Watu kumi na moja kwenye majamvi mawili, yeye jikoni kakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, sahani magotini, kila tonge mbili anaitwa: maji, chumvi, pilipili. Baba akimaliza ananawa, alhamdulillah, anachokonoa meno. Sisi tunakimbilia mpira. Mungu tulimshukuru kila siku, mara tatu. Nikajaribu kukumbuka mara moja, moja tu, ambayo mtu alimgeukia yule mwanamke kwenye mbuzi akamwambia ahsante. Labda wageni.

Jumapili nikampigia.

"Mama, nilitaka kukwambia ahsante kwa chakula."

Kimya. Nikadhani mtandao umekata.

"Chakula kipi? Wewe mwaka wa sita huu hujala kwangu."

"Kile cha zamani, mama. Cha siku zote."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Mumeo kakufanya nini?"

Nikasikia anamwita dada yangu, hebu njoo umsikilize mdogo wako, sijui kapatwa na nini huko. Zikapita sauti za simu kubadilisha mikono, kuku, redio. Kisha dada, kwa sauti ya chini:

"Mama analia, mimi sielewi mmeongea nini. Halafu anauliza, hela ya gesi umeshatuma?"