Nililala kwenye MRI, pua ikaanza kuwasha

Kwa miezi kadhaa kichwa kilikuwa kinaniuma upande mmoja, tena ule wa kugonga mpaka mwanga sitaki kuuona, nanywa dawa kinatulia, kesho kinarudi. Daktari akasema haya nenda ukapige MRI, ile mashine inayopiga picha za ndani ya mwili, tujiridhishe. Sasa hilo neno "tujiridhishe" sijui kama madaktari wanajua linavyotutesa sisi wagonjwa, maana usiku ule sikulala, nilijipa kila ugonjwa ninaoujua na mingine niliyoiokota intaneti.

Siku ya kipimo nikapewa fomu. Una pesimeka, kile kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo? Umewahi kufanyiwa operesheni ya kichwa? Una mimba? Sawa. Halafu likaja moja: umewahi kufanya kazi ya kuchomelea au kusaga vyuma? Nikacheka, nikamwambia yule dada wa vipimo mi vyuma nakutana navyo jikoni tu. Hakucheka. Akanieleza kuna watu wana chembe ya chuma imejificha kwenye jicho tangu zamani na hawana habari, wakiingia mle sumaku inaisogeza na jicho linaweza kuharibika. Nikanyamaza nikajaza fomu kwa adabu zote.

Maana ile mashine yenyewe ni sumaku, na si ya mchezo. Nyingi ni za tesla 1.5 au 3 (tesla ndo kipimo cha nguvu ya sumaku), na hiyo 1.5 tu ni kama mara 30,000 ya ile nguvu ya dunia inayogeuza sindano ya dira. Na haizimwi! Mi nilidhani mgonjwa akija ndo wanaiwasha kama taa, kumbe ipo usiku na mchana, waya zake zimezamishwa kwenye heliamu iliyopozwa mpaka imekuwa kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri. Ndo maana pale mlangoni ni wakali sana, mtungi wa oksijeni ukiingizwa kwa bahati mbaya unaruka kuifuata mashine na aliye katikati ndo basi tena. Halafu kinachochekesha, watu wengi tunaogopa "mionzi" wakati MRI haina ile mionzi ya eksirei, ni sumaku na mawimbi ya redio yanayochokoza maji ya mwilini.

Basi nikavua kila kitu, saa, pete, hereni, vibanio, sidiria yenye waya, nikapewa gauni la kufungia mgongoni. Kasheshe ikawa kipini cha pua. Nina miaka 11 sijakitoa. Nikajitetea kwamba ni dhahabu na sumaku haivuti dhahabu, akaniambia ni kweli dada yangu haivuti, ila kiko jirani kabisa na tunapotaka kupiga picha, kitaharibu picha na kinaweza kupata joto. Tukahangaika nacho mi na yeye, yeye na glavu zake, mimi machozi yananichuruzika, kikatoka.

Nikalazwa kwenye kitanda chembamba, plagi masikioni, hedifoni juu yake, vipande vya sponji vikanibana kichwa kulia na kushoto, halafu likafunikwa juu ya uso wangu dude kama kizimba, lina kioo kidogo kinachokuonyesha miguu yako na dirisha la chumba chao. Mkononi nikashikishwa kimpira, ukizidiwa unakiminya wanakuja. Nawashauri jamani, funga macho KABLA kitanda hakijaingia. Mimi nilifumbua kidogo tu nione kukoje, nikaona ukuta uko karibu na pua, moyo ukaanza kukimbia mpaka nikautafuta upepo wa ile feni ndogo kama mtu anayezama.

Kelele zake sasa. Kwanza tak tak tak ya kistaarabu, halafu ghafla ngo ngo ngo kama fundi anavunja ukuta upande wa pili, halafu trrrrrrr ndefu mpaka kitanda kinatetema. Ni zile koili za ndani, yaani nyaya zilizozungushwa, umeme unakatwa na kuwashwa kwa kasi katikati ya sumaku kali kwa hiyo zinatikisika, na kelele inaweza kupita desibeli 100. Ila ukweli kelele nilizizoea, kimya cha katikati ndo kilinitisha, unajiuliza wameenda wapi hawa, wameona nini.

Na ni kwenye kimya hicho pua ikaanza. Pale pale kipini kilipotoka. Kwanza kamwasho kadogo, nikakapuuza, kakakua, kakawa ndo kitu pekee kilichopo duniani, nikahesabu moja mpaka mia, nikaomba dua, mkono uko pale kifuani na hauruhusiwi kwenda popote. Nikakunja pua kidogo tu, nadhani hata nzi asingeona. Sauti ikaja kwenye hedifoni: "Dada umetikisika, hii tutairudia." Kumbe ile picha haipigwi papo hapo kama ya simu, mashine inaokota taarifa kidogo kidogo kwa dakika kadhaa halafu kompyuta inaziunganisha, ukijitingisha mara moja picha nzima inachafuka. Dakika nne zingine, na pua inawasha vile vile. Baadae nimesoma kwamba picha ya kwanza ya MRI ya mwili wa mtu, Julai 1977, ilichukua karibu saa tano, na nilimwonea huruma huyo mtu kutoka moyoni.

Nilipotolewa nikamkazia macho yule dada nimsome usoni, hakuna kitu, uso mkavu kabisa, "majibu utapewa na daktari wako." Nadhani wanafundishwa ule uso.

Siku tatu baadae daktari akafungua ripoti. Ubongo uko salama, hakuna uvimbe, hakuna damu, kichwa ni kipandauso na akanibadilishia dawa. Nikashusha pumzi. Akaendelea kusoma, akasema ila hapa chini wameandika kitu kingine kidogo, si cha kutisha, kuna vifuko vya hewa vimevimba kidogo, vya kwenye pua.