Baba mkubwa aliponitembeza Dar

Mi nimezaliwa Dar, tena Magomeni, na hii kitu huwa naisema kwa sauti kidogo kwa sababu wengi hapa mjini ukiwauliza kwenu wapi watakwambia Moshi, sijui Newala, sijui Bukoba, hata kama kitovu chake kimezikwa Temeke. Na mimi nikiulizwa nasema Njombe, ingawa Njombe yenyewe mpaka mwaka huo ninaousimulia nilikuwa nimefika mara nne tu na zote kwa msiba.

Ilikuwa Julai 2017. Dada yangu alikuwa anaolewa, na kwenye send-off lazima wazee wa kwetu wawepo, kwahiyo baba akampigia kaka yake aje. Baba mkubwa alikuwa hajakanyaga Dar tangu sisi tumezaliwa. Ukimuuliza baba kwanini, anasema yule ni mtu wa shamba, mjini hapapendi, basi na sisi tukakua tukijua hivyo, kwamba baba mkubwa ni mtu wa shamba.

Nikaenda kumpokea Ubungo, maana enzi hizo stendi ya mikoani ilikuwa bado pale, haijahamia Mbezi. Basi la Njombe liliondoka saa kumi na mbili asubuhi likaingia usiku. Akashuka na kiroba cha viazi, ndoo ya maparachichi, koti zito la suti na sweta ndani yake. Mimi nimevaa jaketi. Julai kwetu Dar ni baridi bana, asubuhi watoto wanaenda shule na masweta na watu wanapiga chafya kwenye daladala. Mzee akaniangalia lile jaketi, akaangalia jasho lake, akasema "We unaumwa?" Akavua koti, akalibeba mkononi, na koti lile alilibeba mkononi wiki nzima, sijamuona akilivaa tena mpaka siku ya sherehe.

Kwenye bajaji kwenda nyumbani Kimara hakuniuliza chochote kuhusu mataa wala magari. Swali lake lilikuwa moja. Njiani wakati basi linaingia kuanzia Kiluvya, Kibamba, Mbezi, kabla giza halijashika vizuri, aliona nyumba zimechorwa X nyekundu. "Ile alama ni ya nini, ni sensa?" Nikamwambia hapana baba mkubwa, hizo zinavunjwa, barabara inapanuliwa. Akasema "Ahaa." Halafu kimya mpaka tunafika. Mi nikajua ni uchovu wa safari.

Jumamosi yake baba akaniambia mpeleke kaka akaone mji, mimi miguu hainiruhusu. Nikafurahi kweli. Niseme ukweli mi napenda sana kutembeza wageni, nina ratiba yangu kabisa kichwani, namjua mgeni wa kila aina. Niliwahi kumpokea jamaa wa Nairobi tuliyekuwa tunafanya nae kazi, siku ya pili tu akaanza kulalamika Dar kila kitu polepole, muhudumu anakuja na menyu anaondoka anaenda kuishi maisha yake ndo arudi, halafu mnaombana samahani na kushukuriana kabla hujauziwa hata soda. Wiki mbili baadae akaja binamu yetu wa Makambako akasema Dar watu wanatembea kama wanafukuzwa na nyuki. Mji ni uleule, wiki mbili tu zimepita. Kwahiyo huwa sibishani na mgeni, namwacha aone anachoona, ila ratiba yangu ni ileile: mwendokasi, maghorofa, bahari, mihogo ya Coco Beach, nyumbani.

Tukapandia Kimara Mwisho. Nikakata tiketi mbili, shilingi 650 kila mmoja, nikampitisha getini nikimshika mkono kama mtoto, namuonesha hapa unaiweka tiketi, hapa unasukuma. Basi likaja lile refu la bluu lenye kiungo katikati linalojikunja kwenye kona. Mwendokasi ulikuwa na mwaka mmoja na kidogo tu tangu uanze Mei 2016, na sisi watu wa Kimara tulikuwa tunaringa nao vibaya mno pamoja na kwamba asubuhi tunakanyagana mle ndani kama viazi kwenye lumbesa. Nikamwambia, baba mkubwa, umeona gari hilo? Mzee akaligonga gonga pale kwenye mpira wa katikati akasema,

"Ikarus."

"Hapana, haya ni mapya, yametoka China."

"Najua. Nasema yanafanana na Ikarus. UDA, lile shirika la mabasi ya mjini, walikuwa nayo marefu hivi hivi, yanajikunja. Tulikuwa tunasimama hapa hapa kwenye duara, ukipinda kona unazungushwa."

Tulikuwa nani? Ndo swali lililonijia, lakini basi lilikuwa limejaa na kuna mama alikuwa ananikanyaga, likanipita.

Ubungo, Shekilango, tukafika Urafiki. Akanyoosha kidole kule kiwandani. "Hapo nilikuwa kibarua, miaka minne." Akasema kama mtu anayekwambia pale kuna mwembe. Nikamwambia we umefanya kazi Dar? Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Baba yako hajakwambia nani alimleta?"

Sasa hapo ndo ratiba yangu ikaanza kuharibika. Kutoka Manzese mpaka Jangwani mimi nilikuwa abiria na yeye ndo konda. Kumbe alikuja 1973, kijana wa miaka ishirini na moja. Akapanga chumba Magomeni Mikumi, nyumba ya vyumba sita na korido katikati, bafu uani. Akamchukua mdogo wake, yaani baba yangu, akamleta asome shule hapa. Mi miaka 27 nakaa nakula na baba yangu meza moja na hiyo habari sijawahi kuisikia.

Kivukoni tulishuka, nikajaribu kurudisha heshima yangu. Nikampeleka kuyaona yale maghorofa pacha ya PSPF, ule mfuko wa pensheni, ghorofa thelathini na kitu. Akainua kichwa, akaanza kuhesabu, akafika kumi na nane akapotea, akaanza upya, akaacha. Akauliza swali moja la maana kuliko yote niliyowahi kuulizwa na mgeni pale: "Umeme ukikatika, maji yanafikaje kule juu?" Nikamwambia wana jenereta. Akasema enzi zao ghorofa la kuringia lilikuwa Kilimanjaro Hoteli, walikuwa wanaenda Jumapili kulitazama kwa nje tu halafu wanarudi kwa miguu, kwa sababu hela ilikuwa ya nauli ya kwenda tu.

Palipomgusa ni Azania Front. Sisi ni Walutheri, na lile kanisa la Wajerumani lenye mnara mbele ya bahari mi napita pale kila siku ya kazi, sijawahi kuingia ndani. Yeye akavua kofia, akasimama kwenye uzio muda mrefu, ananung'unika wimbo kwa Kibena. Vijana wawili wakapita wakimtazama, wakamwambia "Mzee, simu hiyo iweke mfuko wa mbele." Akawashukuru, akaihamisha. Mimi nikaona aibu, yaani hata dakika kumi mgeni hajamaliza tayari tumeshamkumbusha wezi, lakini yeye akaniambia "Zamani wangeichukua kimya kimya." Ilikuwa ni sifa hiyo, anasifia mji.

Coco hatukwenda. Akasema mihogo ameiacha kwao, twende Magomeni Mapipa.

Nikakataa kidogo. Sio kukataa, nilizunguka zunguka, nikamwambia kule hakuna kitu cha kuona, pamejaa machinga tu, huwezi hata kukanyaga chini. Na kweli mwaka huo ilikuwa hivyo, maana mwishoni mwa 2016 rais Magufuli alikuwa ameagiza machinga wasibughudhiwe, basi mji mzima ukageuka soko, Kariakoo, Mapipa, Ubungo, nyanya zimepangwa kwenye njia ya waenda kwa miguu, sidiria zinaning'inia kwenye nguzo za umeme. Sisi wenyeji wenye vijikazi vya ofisini tulikuwa tunalalamika kila siku. Mi mwenyewe nilikuwa na hotuba yangu kabisa kuhusu usafi wa jiji, naitoa bure kwa yeyote anayekaa karibu yangu kwenye basi.

Tukashuka Mapipa. Nyumba ya vyumba sita tulienda kuitafuta, pamekuwa gesti. Magomeni Kota zilikuwa zimeshavunjwa, mabati yamezungushwa, kunajengwa. Hakuonyesha kusikitika, alitikisa kichwa tu tukarudi barabarani. Ndo akaingia kwenye wale machinga sasa. Aisee. Mzee alitembea polepole kama mtu aliyeingia kwenye maonyesho ya Nane Nane. Anainama kwenye kila meza. Soksi bei gani. Hii chaja ya nini. We mama unafunga saa ngapi. Mi nyuma nimeshika koti lake na mifuko yangu kwa pamoja.

Mwisho wa msururu, chini ya mwavuli wa mtandao wa simu uliochakaa, alikuwepo fundi viatu. Kijana tu. Ana kibox cha mbao, gundi, nyundo, vipande vya matairi. Baba mkubwa akavuta kigoda cha wateja akakaa bila kukaribishwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Una kibali?"

Kijana akashtuka, akanitazama mimi, nadhani alifikiri tumetoka manispaa. Nikamtikisia kichwa kwamba hapana. Akasema hana, mzee.

"Na hawakukamati?"

"Saa hizi hapana. Zamani walikuwa wanatusumbua."

"Wakija unakimbilia wapi?"

Kijana akacheka, akaonyesha kichochoro kuelekea nyuma. Baba mkubwa akatazama kile kichochoro, akasema kile zamani kilikuwa hakitokei upande wa pili, kilikuwa kinaishia ukutani. Alisema hivyo bila kicheko.

Halafu akatusimulia, sisi wawili, mimi na yule fundi, na nyundo ikasimama. Kiwandani aliacha 1981 kwa sababu mshahara ulikuwa haufiki hata tarehe kumi na tano, sabuni ya foleni, unga wa foleni, akaamua kushona viatu pale pale Mapipa chini ya mti, na alikuwa anapata kuliko kibarua. Mwishoni mwa 1983 ikaja Nguvu Kazi, kila asiye na kazi mjini arudi kijijini kulima. Wazururaji ndo lilikuwa jina lao. Yakaja magari mawili asubuhi. Wakamwambia toa kitambulisho cha kazi. Akawaonyesha kiatu alichokuwa anakishona. Wakamwambia hiyo sio kazi. Akakimbia akaingia kichochoroni.

Siku mbili baadae alikuwa kwenye treni ya TAZARA kuelekea Makambako, nguo alizovaa na sindano moja mfukoni. Mdogo wake alirudi jioni akakuta chumba kitupu. Yeye hawakumgusa, alikuwa na sare za shule. Akamaliza shule kwa kula kwa majirani, akapata kazi, akaoa, nikazaliwa mimi mtoto wa mjini.

Nilikuwa sijui niweke wapi macho. Nikauliza swali la kijinga, kwanini hukurudi, si baadae waliacha kukamata watu? Akasema "Nauli ilikuwepo. Hamu ndo haikuwepo."

Fundi wa watu akawa hajui aseme nini, akaniambia kaka, kiatu chako hicho pembeni kimeachia. Kweli kilikuwa kimeachia, wiki ya pili hiyo nakivaa hivyo hivyo. Nikavua. Baba mkubwa akanyoosha mkono, "Lete sindano." Akavaa miwani, akapitisha uzi kwenye nta, akaanza kushona, taratibu, ulimi umetoka kidogo pembeni, na yule kijana akasogeza kichwa karibu anaangalia. Watu wanapita, mmoja akasimama akauliza mzee na wewe unapokea kazi? Akajibu "Leo tu."

Nikasimama na soksi kwenye vumbi la Mapipa, muda nahisi kama nusu saa, na lile koti mkononi. Kijana akadai buku ya uzi na gundi wakati aliyeshona ni mgeni, wakaanza kubishana, mzee anasema mia tano, kijana anasema mzee uzi umepanda bei, wakaishia mia saba, wote wanacheka.

Nyumbani baba akauliza mmeona nini huko, mmefika Coco? Wakatazamana na kaka yake. Mimi nikasema tumefika Posta, foleni ilikuwa kubwa tukarudi. Baba akaangalia kiatu changu, akakiangalia tena, akaamka na miguu yake mibovu akaenda kumtengea kaka yake maji ya kuoga mwenyewe, kitu ambacho sijawahi kumuona akimfanyia mtu yeyote.

Sherehe ikapita, mzee akarudi Njombe. Kama miezi minne mbele akapiga simu, tukasalimiana, tukaongelea mvua na mahindi, halafu akauliza, yule kijana wa Mapipa bado yupo pale pale?

Nikamwambia yupo, anakusalimia. Na mi sikuwa nimepita pale tangu siku ile.