Nyumba ya Mackinac na Swali la Mama

Mwaka 2019 mama alikuja kututembelea Lansing, Michigan, akitokea Lamu, nasi tukataka kumpeleka mahali asipopigiwa honi. Kisiwa chenyewe hakikuwa na ubishi: Mackinac, katika Ziwa Huron, chini ya kilomita za mraba 10, ambako magari yamepigwa marufuku tangu 1898, baada ya wenye farasi kulalamika kwamba injini zinawatia wanyama wao kiwewe. Ubishi ulikuwa juu ya nyumba.

Tulikuwa watu wanane, watatu kati yao watoto, na hoteli kwa idadi hiyo ilikuwa na maana ya vyumba vitatu na chakula cha mgahawa asubuhi na jioni. Dada yangu alikwishachagua nyumba tatu za kupangisha na jioni moja akazifungua mezani kwenye kompyuta. Ya kwanza ilianguka pale pale. Tangazo lilitaja Mackinac, bei ilikuwa nafuu, na baraza lilitazama maji, lakini ramani ilionyesha kwamba iko Mackinaw City, mji wa bara ambako vivuko huondokea. Kisiwa ungekiona dirishani tu. Majina hayo mawili hutamkwa sawa na huchanganywa sana katika matangazo, kwa hiyo jambo la kwanza ni kufungua ramani na kuhakikisha nyumba imezungukwa na maji pande zote.

Ya pili na ya tatu zilikuwa kisiwani kweli. Dada akaanza kusoma: vyumba vinne, inalaza watu kumi, jiko kamili. Mama, aliyekuwa akichagua mchele kando, akauliza, "Mwanangu, kutoka gatini hadi mlangoni ni mwendo gani?"

"Mama, ina vyumba vinne na picha zake nzuri sana."

"Vyumba nimevisikia. Nauliza njia. Na kuna mlima?"

Mtu aliyekulia Lamu, ambako gunia la unga hufika nyumbani kwa punda au kwa mkokoteni wa hamali, hahitaji kufundishwa hesabu ya kisiwa kisicho na gari. Sisi wengine tulihitaji. Shemeji, mtu wa Nakuru, alikuwa bado anafikiria mahali pa kuegesha.

Basi tukaiweka ramani mbele na kuisoma kwa miinuko. Bandari iko kusini, na mji wenyewe umejibana hapo kwenye ufuko tambarare, mitaa miwili mikuu, Main Street na Market Street. Nyuma yake ardhi inapanda ghafla. Juu ya magenge, mashariki na magharibi, kuna nyumba kubwa za mbao za karne ya 19. Katikati ya kisiwa, huko juu, kuna Harrisonville, kijiji cha wakazi wa kudumu. Fleti nyingi za kupangisha ziko mbali zaidi, upande wa magharibi na kaskazini-magharibi. Zaidi ya asilimia 80 ya kisiwa ni hifadhi: ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1875, ya pili Marekani baada ya Yellowstone, kisha mwaka 1895 ikakabidhiwa jimbo la Michigan. Hata zile nyumba za magengeni zimesimama juu ya ardhi ya kukodi kutoka kwa jimbo. Ndiyo sababu nyumba ni chache na bei hazishuki. Ukiona ya bei rahisi kuliko nyingine zote, tazama imepanda wapi.

Nyumba ya tatu ilikuwa kwenye njia ya British Landing, kama kilomita 5 kutoka mjini. Jina hilo lina kisa chake. Usiku wa kuamkia 17 Julai 1812 Waingereza, pamoja na wapiganaji wa mataifa ya asili na wafanyabiashara wa manyoya, walitua hapo, wakakata katikati ya kisiwa na kuburuta mzinga hadi kwenye mwinuko ulio nyuma ya ngome ya Wamarekani. Ngome hiyo waliianza wao wenyewe mwaka 1780, ikielekezwa bandarini. Wakajua kwamba nyuma yake kuna kilima kinachoichungulia. Wamarekani waliokuwemo, ambao hawakuwa na habari kwamba vita vimetangazwa, walisalimu amri bila kupigana. Wale waliotua na mzinga walikuwa mamia ya watu. Sisi tulikuwa na mama mwenye maumivu ya magoti. Nyumba ya tatu ikaondoka.

Ikabaki ya pili, karibu na Market Street, tambarare, kama dakika saba kwa miguu kutoka gatini. Hapo ndipo maswali kwa mwenye nyumba yalipoanza, nami niliyaandika yote kwa barua moja ili majibu yabaki kwa maandishi. Kumi wanalala vipi? Jibu: vitanda sita, wawili wawili kwenye viwili vikubwa, na sofa mbili za kukunjua sebuleni. Kuna chumba cha kulala chini, bila ngazi? Kipo kimoja, na choo chake. Kiyoyozi? Hakuna, feni tu, na ndivyo zilivyo nyumba nyingi za kale pale. Shuka na taulo zimo? Zimo. Farasi hupita dirishani saa ngapi? Mikokoteni ya mizigo huanza mapema asubuhi. Hilo mama alilipokea vizuri kuliko sisi.

Mizigo ndiyo iliyotuchukua muda mrefu zaidi. Kwenye kivuko mabegi hufungwa lebo yenye jina la malazi, na upande wa pili mahamali wa hoteli huyapakia kwenye vikapu vya baiskeli, mlima wa mabegi mbele ya usukani, na kuyafikisha chumbani. Lakini hao ni wa hoteli. Aliyepanga nyumba binafsi hujipangia mwenyewe: gari la farasi la abiria, ambalo hutoza kwa kichwa na kwa umbali, au mkokoteni wa mizigo ikiwa shehena ni kubwa. Mwenye nyumba wetu alitupa utaratibu wa kuagiza gari. Tuliamua mama, watoto na masanduku wapande, wengine watembee.

Chakula kilifuata. Duka la vyakula la mjini, Doud's, limekuwapo tangu 1884 na lina kila kitu cha lazima, ila kila pakiti imevuka maji kisha ikavutwa na farasi, na bei inajua hivyo. Tukagawa: vikavu na nyama vitoke Lansing, vibichi vinunuliwe kule. Mchele kilo 5, unga kilo 4, tui la makopo, viungo, na nyama ya halali kilo 6 iliyogandishwa kabisa. Kutoka Lansing hadi Mackinaw City ni mwendo wa saa tatu na nusu, ongeza kuegesha na kungoja, kivuko kama dakika 20, kisha kungoja farasi. Nyama ikae kwenye barafu saa saba bila wasiwasi. Sanduku moja kubwa lililojaa barafu lingemshinda hata shemeji kulinyanyua, kwa hiyo tukaandika mawili madogo yenye mikono.

Tulichagua juma la mwisho la Juni. Tamasha la maua ya lailaki huwa limekwisha, na mashindano ya mashua ya Julai, ambayo hujaza kila kitanda, hayajafika. Ubaya wa Juni ni kwa wanaosali: kule kaskazini, sala ya magharibi huingia kama saa tatu na nusu usiku, na isha hukaribia saa sita. Watoto wakafurahi. Mama akauliza kama kuna baridi; ipo, hasa jioni upepo ukitoka ziwani, na maji ya Huron mwezi huo hayafai kuogelewa na mtu wa Lamu.

Baiskeli tuliacha tukodi kule, maana kivuko hutoza kwa kila baiskeli. Barabara inayozunguka kisiwa, M-185, ina urefu wa kama kilomita 13 na karibu yote ni tambarare. Inatosha baiskeli ya kawaida. Shemeji alitaka za umeme, lakini haziruhusiwi isipokuwa kwa mwenye ulemavu wa kutembea, na hata kwake ni zile zinazosaidia pedali tu.

Kabla ya kulipa malipo ya awali dada alisoma masharti kwa sauti. Kuingia saa kumi jioni, kutoka saa nne asubuhi, pesa hairudi ukighairi ndani ya siku 30. Mama akasema gari la farasi la kuondokea liagizwe usiku wa kuamkia safari, si asubuhi, kwa sababu saa nne kila mpangaji atataka kuondoka. Dada akaliandika hilo juu kabisa ya karatasi, akatoa kadi, akalipa.